Sikukuu ya 12 Desemba Chini ya Ngome



Kila mwaka tarehe 12 Desemba, baada ya Swala ya Alasiri, akina mama wa Mji wa Kale wa Mombasa hujitanda buibui, wakawashika watoto mikono na kuifuata Ndia Kuu mpaka uwanja ulio mbele ya Fort Jesus. Hapo pana madafu, mihogo yenye pilipili na ndimu, na viazi karai kwa ukwaju. Watoto hukimbizana chini ya miti, wakubwa wakipunga upepo wa bahari. Hiyo ndiyo Jamhuri yetu.

Mwaka jana mwanangu aliuliza, "Mama, sikukuu hii yatuhusu nini sisi?" Nikamwonyesha kuta za Ngome.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, nao Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea juu yake hata chini ya utawala wa Kiingereza. Kwa mkataba wa 14 Desemba 1895, Waingereza waliuendesha ukanda wa maili 10 wa pwani kwa kumlipa Sultani kila mwaka, lakini enzi ilibaki yake.

Uhuru ulipokaribia, wazee wetu walihitilafiana. Wako waliotaka Mwambao ujitawale, na wako waliotaka uungane na Kenya. Waliokuwa na hofu walijiuliza: dini yetu itakuwaje, na kadhi wetu je? Oktoba 1963, Mzee Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua. Zanzibar iliuachia Kenya ukanda huo, nayo Kenya ikaahidi uhuru wa ibada, kulindwa kwa mamlaka ya makadhi, na watoto wa Kiislamu kufundishwa Kiarabu kadiri iwezekanavyo. Tarehe 12 Desemba 1963 nchi ikawa huru, na bendera nyekundu ikateremka. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyohiyo, Kenya ikawa Jamhuri.

Serikali ya Shamte haikudumu. Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja kamili baada ya uhuru wetu, ilipinduliwa. Lakini ahadi haikuanguka pamoja nayo, kwa kuwa ilikwisha kuandikwa katika sheria. Leo imo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010: Mahakama ya Kadhi huamua hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pande zote zikiwa ni Waislamu na zikikubali kuhukumiwa hapo.

Haya si mambo ya wanasiasa peke yao. Marehemu bibi yangu alifiwa na mumewe akiwa na watoto wanne, na mashemeji wakataka nyumba iuzwe asipewe kitu. Bibi hakujua kusoma herufi za Kizungu, ila hati yake ya ndoa alikuwa ameihifadhi ndani ya kasha, imeviringwa kwa kipande cha leso. Aliipeleka kwa kadhi, akapata thumni yake, na watoto wakapata mafungu yao. Ndani ya nyumba hiyo ndimo nilimozaliwa mimi.

Nilimjibu mwanangu hivi: "Sikukuu hii yatuhusu kwa sababu ya karatasi mbili, ile ya wakubwa waliyoandikiana na ile ya bibi ndani ya kasha. Lau moja ingekosekana, nyingine isingefaa kitu."

Ndugu zangu wanawake, Jamhuri itakapofika, tokeni na watoto mpunge upepo. Lakini kabla ya kutoka, fungueni makasha. Hati ya ndoa iko wapi? Wasia umeandikwa? Ndoa ya binti imesajiliwa? Kama bado, siku ya pili ofisi zikifunguliwa, nendeni.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu na azihifadhi haki zetu. Amin.