Fedha za Kikoba na Lenzi ya Baba Neema

Mama mwenzangu, kama mumeo ana kamera, ipo siku atakuletea habari ya lenzi. Kwangu siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mazito, nikamkuta Baba Neema ameketi sebuleni ananisubiri, na chai ameshaipika mwenyewe. Nikajua kuna jambo.

"Mama Neema," akaanza, "kuna ndugu mmoja anauza lenzi ya milimita 500. Laki nne na nusu tu! Lenzi nyingine za urefu huo ni mamilioni."

Wiki hiyohiyo tulikuwa tumegawana fedha za kikoba, nami nilipata shilingi 600,000. Ada ya Neema chuoni ilikuwa 500,000, na mwisho wa kuilipa ni mwisho wa mwezi. Nikasema hapana, nikaenda kulala.

Hakugomba. Ingekuwa heri angegomba. Tangu kazi yake ya ofisini ilipokoma miaka mitatu iliyopita, kupiga picha za arusi na kipaimara ndiko kunakomfanya aamke asubuhi akiwa na pa kwenda. Baada ya ile hapana yangu akawa mtu wa kuitikia tu: ndiyo, hapana, asante. Siku nne zikapita hivyo. Siku ya tano nilikuwa wodini nampokea mama mmoja mwenye maumivu ya tumbo. Namwuliza yalianza lini, yako upande gani, yanazidi wakati gani. Nikajishika hapohapo. Mgonjwa nisiyemjua nampa dakika kumi za maswali, na mume wangu nilimpa neno moja!

Jioni ile nikamwambia, "Baba Neema, hebu nieleze hiyo lenzi. Mbona nyingine ni mamilioni na hii ni laki?"

Uso ulimfunguka. Akachukua daftari la Baraka, mdogo wake Neema, akanichorea. Lenzi ndefu za kawaida, alisema, zina vipande vingi vya kioo vya kupitisha mwanga, na ndiyo maana ni nzito na ghali. Hii ina vioo vya kuakisi, kama vile vya kujitazamia. Mwanga huingia mbele, ukagonga kioo kikubwa kilichoko nyuma, ukarudi mbele kwenye kioo kidogo kilichobandikwa katikati, kisha ukarudi tena nyuma na kupita kwenye tundu la kile kikubwa mpaka ndani ya kamera. Safari ndefu imekunjwa mara tatu ndani ya kopo fupi. Ni jamaa ya darubini za kutazamia nyota. Mrusi Dmitri Maksutov alibuni mojawapo ya namna hizo mwaka 1941. Na kwa kuwa kioo cha kuakisi hurudisha rangi zote kwa namna moja, picha haina ile michirizi ya zambarau inayoonekana kwenye lenzi ndefu za bei nafuu.

"Na ubaya wake?" nikauliza.

Hapo alikuna kichwa. Nikamwomba tuiazime kabla ya kusema lolote zaidi. Mwenye mali alikuwa mwungwana, akakubali tukae nayo Ijumaa hadi Jumatatu, nasi tukamwachia taa ya kamera iwe dhamana.

Ilipofika, nilishangaa ilivyo ndogo. Nilitegemea kitu kama bomba la maji, kumbe haimpiti chupa ya chai ya watu wawili. Nilikuwa wa kwanza kuipima, tena kwa tochi yangu ya kumulikia mboni za wagonjwa. Mulika ndani kwa pembeni, mama mwenzangu, ukinunua lenzi yoyote iliyotumika. Tafuta nyuzinyuzi kama utando wa buibui, maana huo ni ukungu, na ukungu kwenye lenzi hula kama ukungu mwingine wowote. Kwa lenzi ya vioo tazama pia kama ile rangi ya fedha ya kioo imebanduka. Yetu ilikuwa safi, ila pete ya kuzungusha ilikuwa ngumu kidogo.

Ijumaa jioni tuliipeleka kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya, kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika funguo. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja kubwa ya Baba Neema: akae nyuma kabisa, asiwasumbue watu, na apate uso wa bibi arusi machozi yakimtoka. Akaweka lenzi, akamlenga mwimbaji wa sauti ya kwanza. Lenzi hii haijilengi yenyewe, ni lazima uzungushe kwa mkono. Na kwa mita kumi, sehemu inayokaa sawasawa kwenye picha haifiki shubiri moja: mwimbaji akiyumba kidogo tu, ameshatoka. Tena tundu lake la kuingizia mwanga ni moja, nambari 8, halifunguki zaidi wala halifungiki. Lenzi anayotumia kwenye arusi ni nambari 2.8, maana yake hupokea mwanga mara nane zaidi. Pale kanisani kamera ilihitaji 1/15 ya sekunde kwa kila picha. Kwa lenzi ya milimita 500 ukiishika mkononi, angalau ufike 1/500, vinginevyo mtetemo wako mwenyewe unaharibu kila kitu.

Alipiga picha kama arobaini. Tukaziangalia kwenye kioo cha kamera, tumeinamiana kwenye benchi. Kwaya nzima ilionekana kama ninavyowaona watu nikiwa nimevua miwani.

"Basi nitairudisha," akasema taratibu. Sikujibu. Nilikuwa nimeshinda, na sikufurahi hata kidogo.

Kwa kuwa tulikuwa nayo hadi Jumatatu, na tunaishi Usa River, Jumamosi tulikwenda na Baraka kwenye maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha. Nilipika wali wa kubeba. Msituni tuliwaona mbega juu ya miti, wale weusi wenye manyoya marefu meupe, na Baba Neema akajaribu. Kivulini ikawa yaleyale ya kanisani. Nikajisemea moyoni, leo tutarudi na huzuni.

Lakini ziwani jua lilikuwa linawaka. Heroe walikuwa wamesimama majini kwa mamia, shingo zimeinama wanakula. Akafunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nami nikamfungia mfuko wa mawe chini yake ili isitikisike na upepo. Akazungusha ile pete ngumu kidogokidogo, amezuia pumzi, akabonyeza kwa waya wa mbali. Kisha akaniita nitazame. Nilimwona heroe mmoja, macho yake, na maji yakidondoka mdomoni. Nyuma yake kila mmeto wa jua juu ya maji ulikuwa pete ndogo nyeupe, pete kwa mamia, kama bangili zilizomwagwa. Alinieleza kuwa pete hizo huletwa na kile kioo kidogo cha katikati kinachoziba mwanga, na kwamba wapiga picha wengi huzichukia. Mimi nilizipenda. Rangi zenyewe zilikuwa zimefifia kidogo, ila hilo alisema hurekebishika nyumbani kwenye kompyuta.

Nilichokitazama zaidi ni yeye. Saa mbili nzima alikuwa anamfundisha Baraka jinsi ya kulenga, akicheka alipokosea. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu alipokabidhi funguo za ofisi.

Njiani kurudi tulizungumza kama watu wazima. Nikamwuliza, kama ni kwa ajili ya kazi, fedha hizo zingefanya nini? Akakiri mwenyewe kwamba kwa arusi lenzi hii haitaingiza hata senti. Kwa kazi, heri ile ya kuvuta ya milimita 70 hadi 300 inayojilenga yenyewe, iliyotumika, hata kama haifiki mbali hivyo. Kampuni ya Canon ilitoa mwaka 2020 lenzi ya milimita 600 yenye uzito wa gramu 930 tu, inajilenga na kutuliza mtetemo, lakini inaingia kwenye kamera zao mpya pekee, na kamera yetu ni ya zamani. Nikamwambia, "Basi tusiiite ya kazi. Ukiiita ya kazi utakuja kuilazimisha kanisani, na mimi nitakuja kukudai faida."

Ada ya Neema ililipwa Jumatatu asubuhi, nikiwa na risiti mkononi ndipo tukaenda kwa mwenye lenzi. Tukamweleza habari ya pete ngumu, tukasikilizana 300,000 kwa awamu mbili. Ya kwanza ilikuwa ile laki iliyobaki ya kikoba, na elfu hamsini tukamwachia ile taa ya kamera aliyokuwa nayo, maana Baba Neema anayo nyingine. Awamu ya pili aliilipa yeye kwa fedha za arusi mbili, miezi miwili baadaye.

Sheria niliyoweka nyumbani ni moja, na ninaisema kama muuguzi: lenzi hiyo isielekezwe kwenye jua mtu akiwa anachungulia. Inakusanya mwanga kama darubini, na jicho likiungua ndani halina dawa. Baraka nimemwambia mara tatu.

Mwezi, hata hivyo, anaruhusiwa. Juzi mwezi ulikuwa nusu, nami niko jikoni nachambua mchicha, wakaniita uani. Kwenye kioo cha kamera niliona mashimo yake yote, makali pale mwanga unapokutana na giza. Nikaenda kuepua sufuria, na niliporudi mwezi ulikuwa umeshatoka kwenye picha. Kumbe dunia inavyozunguka, kila dakika mbili mwezi unasogea kwa upana wake wote. Baba Neema alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya Jumapili, anaufuata.