Mtetemo wa Alfajiri Kando ya Ziwa Mweru

Mununga ni makazi ya wavuvi katika Mkoa wa Luapula, nchini Zambia, kaskazini ya mji wa Nchelenge. Mbele yake limetanda Ziwa Mweru, na ng'ambo ya maji ni nchi ya Kongo. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini. Maji hutoka tena kaskazini, penye mji wa Pweto, kwa jina la Luvua.

Usiku wa giza taa za wavuvi huwaka ziwani kuwavuta chisense, yaani dagaa wa huko. Ifikapo Juni na Julai upepo wa alfajiri huwa mkali, na mvuvi hurejea nchi kavu akitetemeka.

Baridi ya namna hiyo, popote panaposemwa Kiswahili, huwakumbusha watu tangawizi. Kipande kilicho sawa na kidole gumba huoshwa, hupondwa, na kuchemshwa katika vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi. Kisha huchujwa na kutiwa sukari au asali. Mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali. Askari atokaye lindoni hukifurahia kinywaji hicho sawa na mvuvi, kwani ukali wake huchangamsha koo na kuupa mwili joto. Aidha, uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha kwamba tangawizi hupunguza kichefuchefu. Hizo ni sifa zake za haki.

Lakini pwani hiyo ina mtetemo wa pili, usiotokana na upepo. Wilaya ya Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi mno, nayo huambukizwa mwaka mzima. Mgonjwa hujifunika blanketi akitetemeka. Akinywa tangawizi na kutoka jasho, huonekana amepata nafuu. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Vijidudu vya malaria vimo damuni, na tangawizi haiviui. Kwa mtoto mdogo, kuchelewa siku moja kwaweza kuleta mauti.

Tiba ipo. Mwaka 2002 Zambia ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuifanya dawa mseto ya artemetha na lumefantrini kuwa tiba yake rasmi ya malaria.

Basi, aliyepigwa na baridi apewe kikombe chake kwa moyo mkunjufu. Lakini mwili ukiwa na homa, mgonjwa apelekwe zahanati siku ileile akapimwe damu. Tangawizi itamngoja nyumbani.