Mama Yangu na Mlango wa Ukaguzi



Kutoka Mji wa Kale hadi uwanja wa ndege wa Moi si mwendo mrefu: ni kupita Makupa, kukiacha kisiwa nyuma, kuingia Changamwe, kisha kukata kuelekea Port Reitz. Lakini asubuhi niliyofuatana na mama yangu kwenda Umra, tukianzia Madina, njia ile fupi ilikuwa nzito. Mama amevaa nikabu tangu ujana wake, na hakuwa amepata kupanda ndege. Garini alininong'oneza: "Mwanangu, watanifunua mbele ya wanaume?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba miaka mitatu ya kuakhirisha safari haikuwa kwa sababu ya goti, kama alivyokuwa akituambia. Ilikuwa ni hofu ya kuvunjiwa stara.

Nikamweleza polepole. Mizigo hupita ndani ya mtambo wa eksrei. Mtu hupita katika fremu ya mlango ambayo hulia ikihisi chuma. Akavua bangili zake na pini za shungi, tukazitia katika kipochi ndani ya mkoba. Nikamwambia kuwa mwanamke hupapaswa na mwanamke mwenzake. Uso hauna budi kulinganishwa na picha ya pasipoti, lakini anaweza kuomba afisa wa kike na mahali pa faragha. Ombi hilo hutolewa mapema, kwa upole, kabla zamu haijafika.

Tulipofika, nilitaka kumsemea. Akanitangulia: "Mwanangu, naomba nikaguliwe na mwanamke, kando." Akaingia nyuma ya pazia na binti mmoja wa usalama. Aliporudi, macho yake yalikuwa yakicheka. "Ameniamkia kabla ya kunigusa," akasema.

Kilichotukwaza hakikuwa vazi, ilikuwa achari. Kumbe mama alikuwa ametia mkobani chupa nzima ya achari ya maembe, zawadi ya dada yangu aliyeolewa Madina, bila ya kuniambia. Sanduku letu kubwa lilikwisha kwenda. Chupa ikabaki pale, na kosa lilikuwa letu.

Kanuni hiyo ina asili yake. Mwaka 2006 iligunduliwa nchini Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Tangu hapo, katika safari nyingi za kimataifa, kila chombo cha majimaji cha mkononi kisizidi mililita 100, na vyote vienee katika mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha ndani. Asali, mafuta ya nazi, manukato na achari vyote vimo katika hesabu hiyo. Mahali pake ni sanduku kubwa, pamoja na mkasi, kisu na mbuzi ya kukunia nazi. Kinyume chake, betri ya akiba ya kuchajia simu hukaa mkononi, wala haitiwi sandukuni. Maziwa ya mtoto na dawa za lazima huruhusiwa kuzidi kipimo, ila zitoeni na kuzionyesha wenyewe, na dawa ziwe na barua ya daktari. Wakati wa kurudi, Zamzam isifichwe baina ya nguo; ichukuliwe katika katoni yake ya lita 5 inayouzwa kwa mahujaji.

Tulipoketi kungoja ndege, mama alizivaa bangili zake moja moja. "Achari nitatengeneza nyingine," akasema. "Lakini miaka mitatu nimejinyima bure."

Ndugu zangu, huenda nyumbani mwenu yupo mama anayeificha hofu hii nyuma ya goti au presha. Kabla ya kumkatia tikiti, kaeni naye mumweleze kila hatua, tena mumsikilize. Mwenyezi Mungu awasahilishie safari zenu na azikubali. Amin.