Kijana Wangu na Nyuki wa Babu Yake

Kukua kwa mtoto wa kiume huonekana kwanza katika nguo zake. Suruali iliyonunuliwa Januari huacha vifundo vya miguu wazi kabla ya Septemba. Sauti nayo humgeuka: asubuhi ni ya mtoto, jioni ni ya mtu mzima. Mabadiliko hayo kila mzazi huyatambua, na majirani humsaidia kuyahesabu. Lakini kuna kukua kwingine kusikopimwa kwa futi, nako ndiko kunakonishughulisha tangu kijana wangu alipotimiza miaka 14 na moyo wake ukahamia kwa nyuki.

Sisi tunakaa Tabora mjini, ambako mimi ni karani. Baba yangu mzazi yuko Sikonge, upande wa kusini, katika nchi ya miombo iliyowapa watu asali tangu enzi za mababu. Kila likizo ya Juni kijana huyu huenda kwa babu yake, naye hurudi akinuka moshi, mikono imevimba na daftari limejaa maandishi. Humo ameandika mambo ambayo mimi, binti wa mrina asali, sikupata kuyasikia: kwamba malkia huchukua siku 16 tangu yai hadi kutoka ndani ya sega, kibarua siku 21, na dume siku 24, kwamba wakati wa kazi nyingi kibarua huishi wiki sita hivi tu, na karibu nusu ya umri huo huimaliza ndani ya mzinga akisafisha, akilisha watoto na kujenga kwa nta, kabla ya kwenda mauani. Jioni moja alinieleza jinsi nyuki anavyocheza mzingani ili kuwaonyesha wenzake upande na umbali wa maua, na kwamba Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyeifumbua lugha hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Huyu ndiye mtoto ambaye taarifa yake ya shule ilisema kwamba hana subira.

Hata hivyo si maarifa hayo yaliyonifanya niamini kwamba amekua. Ni jambo dogo alilonisimulia baba. Mizinga ya jadi kwetu hutengenezwa kwa gome la mti. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti wote, mti hufa, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushukia humo kwenda mizizini. Basi kijana alimkuta babu yake amesimama na shoka chini ya mti mkubwa. Hakumkataza, wala hakumhubiria. Aliuliza tu:

"Babu, mti huu una umri gani?"

"Niliukuta nikiwa mtoto."

"Kumbe ni kaka yako. Basi nipe hadi Jumamosi, nikuundie mzinga wa mbao."

Mzee, ambaye sisi wanawe hatujawahi kumshauri jambo akalikubali, aliliweka shoka chini. Mzinga wa kwanza uliungwa vibaya na mvua ikauingia. Wa pili nyuki waliukubali. Mti ule ungali umesimama.

Sasa yuko kidato cha tatu, naye amenieleza waziwazi kwamba akimaliza cha nne hataki kuendelea na cha tano. Anataka chuo cha ufugaji nyuki, kilichopo hapa hapa Tabora. Mjomba wake amekasirika. Kwake yeye, mtoto anayefaulu biolojia ni daktari, na haiwezekani ukoo utoke porini kwa taabu ili mjukuu arudi porini kwa hiari.

Hofu hiyo siidharau. Baba yetu amepanda miti maisha yake yote, na bei ya asali yake imepangwa na wanunuzi siku zote. Mara nyingi tulimwona akirudi amevimba uso, ameuza ndoo mbili, na mkononi ana fedha ya sabuni na sukari tu. Lakini ni asali hiyo hiyo iliyotulipia ada ya sekondari, mimi na kaka yangu anayeibeza leo. Siwezi kumwambia mwanangu kwamba kazi iliyonisomesha ni ya aibu.

Kwa hiyo nimempa neno langu. Nimemwambia: "Mwanangu, mtihani wa kidato cha nne utaufanya kwa nguvu zako zote, hisabati ikiwamo, kwa kuwa babu yako alipunjwa na watu waliomzidi hesabu, si waliomzidi asali. Ukifaulu, na moyo wako ukiwa bado uko huko, nitakupeleka chuoni mimi mwenyewe. Mjomba wako niachie mimi."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtafutie kitabu cha utunzaji wa hesabu za biashara.

Wazazi wenzangu, wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nao walisema kweli. Hata hivyo hawakusema kwamba mlezi ndiye atakayemchagulia mtoto cha kupenda. Kazi yetu ni kutazama lile analolifanya pasipo kutumwa, analolirudia hata likimuuma, kisha kuhakikisha kwamba analiendea na elimu mkononi. Kijana anayezuiwa lile alipendalo hulifanya kwa kujificha, na mzazi hukosa nafasi ya kumwonya mahali penye hatari. Mimi bado naogopa miti mirefu na kamba zilizochakaa. Hofu hiyo haijaniondoka, wala sitarajii iniondoke. Mwezi huu nimemnunulia kamba mpya, pamoja na mbao na misumari ya mzinga wa tatu.