Daftari Jipya

Mtu aandikaye habari za siku zake kwa muda mrefu hujenga nyumba bila ya kujua. Kila ukurasa ni tofali, na kila mwaka ni ukuta. Mwisho hujikuta yu ndani, na kuta alizozijenga mwenyewe ndizo zimwambiazo apite wapi. Hapo huzuka swali: je, mwandishi wa miaka mingi afungue daftari jipya? Na akilifungua, ayafanyeje yale ya zamani?

Mimi nina madaftari 14, niliyoyaandika katika muda wa miaka 22. La kwanza lilikuwa la mwanafunzi, likajaa maneno niliyoyaokota sokoni na safarini. Yaliyofuata yakawa ya mwalimu: vikao, mitihani, ngeli za majina, hoja za wanafunzi. Kazi ilidai kumbukumbu, na madaftari yakaitumikia kazi vema. Lakini chombo kilichozoea shehena ya namna moja hakina nafasi ya shehena nyingine. Siku aliyozikwa baba yangu imechukua mistari minne tu: saa ya mazishi, majina ya waliochimba kaburi, bei ya sanda, na nauli ya basi. Mistari hiyo ni ya kweli, na siku ile ndiyo iliyohitajiwa, kwa kuwa deni lilipaswa kulipwa na watu walipaswa kushukuriwa. Ila sauti ya baba haimo. Nikijaribu leo kuikumbuka, mara huja, na mara haiji.

Waliotutangulia wametuachia njia tatu. Samuel Pepys wa London alianza kuandika siku zake tarehe 1 Januari 1660, akaacha tarehe 31 Mei 1669 kwa kuchelea upofu. Upofu haukuja. Aliishi mpaka 1703, wala hakuiendeleza kazi ile. Njia yake ni kufunga. Montaigne wa Ufaransa alichapisha insha zake mwaka 1580. Mwaka 1588 akazitoa tena pamoja na kitabu cha tatu na nyongeza nyingi, na mpaka alipofariki mwaka 1592 alikuwa akiongeza maneno pambizoni. Njia yake ni kupanua. Shaaban Robert alitoa *Maisha Yangu* mwaka 1949, kisha akaandika *Baada ya Miaka Hamsini*, kitabu kinachosimama kando ya kile cha kwanza bila ya kukifuta. Njia yake ni kuanza tena.

Kufunga ni rahisi, lakini miaka inayofuata hubaki bubu. Kupanua kwafaa sana kwa mawazo, maana wazo hupandikizwa juu ya wazo likazaa. Siku ya mtu haipandikizwi. Nikiongeza leo machozi katika ukurasa wa mazishi, nitakuwa nimeupa moyo wa siku nyingine, na ukurasa uliokuwa shahidi mwaminifu utageuka shahidi wa uongo. Basi mistari minne na ibaki minne. Njia ya tatu ndiyo inayonifaa, nayo ina onyo lake. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Baada ya miaka 50 hakubakiwa hata na minne. Anayeahirisha kuanza hajui hesabu ya kurasa zake.

Yamkini msomaji atanijibu kwa methali: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Ni kweli. Madaftari mengi mapya yana kurasa tatu zilizoandikwa na mia zilizo nyeupe. Tena mkono ni ule ule, na mtu hawezi kujihama. Lakini upya ninaousema haumo katika karatasi, umo katika swali. Daftari la zamani liliniuliza kila jioni, "Leo umefanya nini?" Hili jipya laniuliza, "Leo umeona nini, umesikia nini, umemkumbuka nani?" Swali likibadilika, mkono ule ule huandika mambo mengine. Kwa sababu hiyo vikao na mitihani vimebaki katika daftari lao, na madaftari yote 14 yamebaki katika rafu moja na hili changa.

Ukurasa wake wa kwanza hauna tarehe ya mazishi. Una habari ya alfajiri nyumbani kwetu. Baba alikuwa akituita kwa majina, akianza na kitinda mimba na kumalizia na kifungua mimba. Alisema mkubwa hana haja ya kuitwa kwanza, kwani akisikia jina la mdogo wake ataamka mwenyewe. Maneno hayo hayakupata nafasi katika miaka 22 ya kuandika, nami nilikuwa karibu kuyapoteza. Daftari la zamani huhifadhi tuliyoyatenda. Jipya hufunguliwa kwa ajili ya yale ambayo, yasipoandikwa sasa, hayatakuwa na shahidi mwingine duniani.