Nani Aliiweka Hiyo Sheria?

Mpwa wangu ana miaka 11, na maswali yake huja mawili mawili: moja la Bongo Fleva, moja la besiboli. Muziki kaupata kwenye daladala za Mwanjelwa. Besiboli kaipata kwenye katuni za Kijapani anazoangalia kwenye simu yangu, jioni nikiwa nahariri habari. Hajawahi kushika lile rungu lao. Mbeya tuna mpira wa miguu, tuna rede, tuna mvua. Nimemwahidi kwamba iko siku nitampeleka Dar, pale Azania Sekondari, akauone uwanja wa besiboli uliofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Wajapani. Kwa sasa anacheza kichwani tu, na kanuni anazijua kuliko ninavyojua kanuni za ofisini kwangu.

"Mamdogo," ananiuliza huku namenya viazi, "kwa nini mpigaji akikosa mara ya tatu, halafu mdakaji akauangusha mpira, kuna wakati anaruhusiwa kukimbia? Si ameshatoka?" Sijajibu. "Na kwa nini Rayvanny ni wa Mbeya lakini akiimba hasikiki kama sisi?"

La pili lina nafuu. Rayvanny ni Raymond Mwakyusa, jina ambalo huku kwetu halihitaji maelezo. Ila Bongo Fleva imekulia Dar es Salaam, na msanii akitaka kubembeleza anaazima maneno ya pwani, yale yaliyokwisha kulainishwa na taarab. Kinyakyusa kinabaki cha kumsalimia bibi. Nikamwambia hivyo.

"Kwa hiyo ni sheria?"

Si sheria, ni mazoea.

"Tofauti yake nini?"

Mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali, nalipwa kwa hiyo, na sijawahi kumuuliza mkuu wa wilaya swali zuri kama hilo.

Siku nyingine alisikia kwamba wimbo wa "Mwanza", wa Rayvanny na Diamond Platnumz, ulifungiwa na BASATA Novemba 2018, na kwamba mwezi uliofuata wasanii wenyewe walizuiwa kufanya maonyesho, mpaka Januari 2019 walipofunguliwa. "Wimbo unafungiwaje, kwani una mlango?" Nikaeleza, kwa kuzungukazunguka, kwamba jina la mtaa mmoja wa Mwanza lilivutwa kwenye wimbo hadi likasikika kama neno jingine la chumbani. Hilo neno hakuliuliza, namshukuru Mungu. Aliuliza ni watu wangapi walikaa wakaamua, na kama wale waimbaji waliitwa kwanza wakasikilizwa.

Lakini kanuni aliyoipenda kuliko zote ni ya mpira wa juu. Wakimbiaji wawili wako kituo cha kwanza na cha pili. Mpigaji anapiga mpira unaopanda juu, wa kudakwa na yeyote. Wakimbiaji hawathubutu kwenda mbali, kwa sababu ukidakwa wakiwa nje ya vituo vyao wanaweza kutolewa. Sasa mdakaji mjanja anajifanya umemponyoka. Ghafla wanalazimika kukimbia, na wameshachelewa. Wawili wanatoka kwa mpira ambao hata bibi angeudaka. Wamarekani walichoka na ujanja huo, na mwaka 1895 wakaweka kanuni: mwamuzi anatangaza mpigaji ametoka mpira ukiwa bado hewani, udakwe usidakwe. Ujanja ukafa papo hapo.

Alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo kila sheria, kuna mtu alilizwa kwanza."

Maneno hayo aliyasema wiki ileile ilipokuja barua ya Iringa.

Dada yangu alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo mtoto anakaa kwangu. Baba yake, shemeji yangu, ameoa tena na ana nyumba Kihesa. Si mtu mbaya. Ada na sare hajawahi kuchelewesha. Barua ilisema kikao cha ukoo kitakaa, mtoto arudi kwao. Niliisoma mara nyingi, na neno lililonichoma ni hilo "kwao".

"Nani aliiweka hiyo?" akauliza, na safari hii nilikuwa na mwaka wa kumpa. Mwaka 1963 Serikali ilizitangaza kwa maandishi mila za makabila yanayofuata upande wa baba, na humo mtoto wa ndoa ni wa baba. Nikampa na mwaka mwingine: 2009, Sheria ya Mtoto, kifungu cha 11, kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni ana haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Akaniomba nimwandikie namba ya kifungu kwenye karatasi.

Iringa tulifika jioni, baridi ya Mbeya tumeiacha tukakuta nyingine. Kesho yake wazee walikaa, ulanzi ukiwa pembeni kwenye dumu. Nilisoma kifungu. Baba mkubwa wa shemeji akatikisa kichwa kwa adabu, akasema basi aitwe. Akaja, akapiga goti, akasalimia kila mmoja. Akasema anampenda baba yake, na anaomba kumalizia darasa la saba Mbeya. Hakulia. Wakamsikiliza kweli, hakuna aliyemkatisha.

Halafu wakaamua ahamie Iringa Januari, na likizo awe anakuja kwangu.

Nilikuwa natafuta sauti ya kusema asanteni wazee wangu, kama inavyotakiwa, yeye akanitangulia. "Nani anaandika?" Wakacheka. Mmoja akatuma daftari liletwe. Shemeji akaandika tarehe, majina, uamuzi, akampa asome. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Baba, hapa mmeandika likizo. Ni ndefu tu, au na fupi?"

Wazee wakatazamana. Shemeji akaichukua tena kalamu.