Samaki Mkunje Angali Mbichi

Wahenga hawakuijua tarakilishi, lakini methali yao ilimfika binti mmoja wa Kangemi, mhitimu wa Kiswahili aliyevutwa na uhuishaji baada ya kutazama Wageuzi, filamu ya Andrew Kaggia ya mwaka 2011.

Siku hiyo, katika afisi finyu karibu na Barabara ya Tom Mboya, alikuwa akimhuisha mama muuza chai. Kiganja cha mama kilishikizwa kwenye birika kwa kifungo: birika likisogea, mkono hufuata, na tarakilishi hukokotoa upya mkao wa kila mfupa. Ili kazi ihamishiwe programu nyingine isiyovielewa vifungo hivyo, sharti mikao iokwe. Yaani, matokeo ya kifungo yaandikwe katika kila mfupa, picha baada ya picha. Sekunde 8, kwa picha 24 kila sekunde, ni mikao 192 kwa kila mfupa wa mkono.

Akaoka, akavifuta vifungo, akahifadhi juu ya faili ileile. Jioni mteja akataka birika liinuliwe zaidi. Birika likapanda, mkono ukabaki chini, umeshika hewa.

Matatu ya mwisho ya Kangemi ilimwacha akirekebisha mkao mmoja mmoja. Ndipo alipotambua kwa nini mafundi wakasema kuoka: chungu kilichotoka tanuuni hakirudi kuwa udongo. Istilahi hazizaliwi kamusini pekee. Nyingine huzaliwa penye hasara.

Tangu hapo huhifadhi faili mbili. Moja huiita Mbichi.